Bakuli la Bibi na Kipimajoto cha Mjomba

Bibi yangu wa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, alipika peremende mara moja tu kwa mwaka, usiku wa kuamkia Idd, na hakutia kitu ndani yake isipokuwa sukari, maji, tangawizi na ndimu. Idd ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Machi 1993, kwa kuwa usiku ule mjomba, aliyekuwa mwalimu wa kemia, alikuja na kipimajoto cha maabara pamoja na kitabu cha mapishi, akamwomba mama yake ruhusa ya kupima.

Babu alitoka Mombasa kufanya kazi ya reli, ndiyo maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na mapishi ya Bibi yalikuwa ya pwani. Sukari, hata hivyo, ilikuwa ya Kakira, kiwanda kilicho karibu na mji wetu. Bibi aliiheshimu sana. Alikuwa ameishi miaka ya magendo, wakati viwanda vilipodorora na kilo moja ya sukari ikawa kitu cha kutafutwa kwa siri, na Idd kadhaa zilipita bila peremende mpaka familia ya Madhvani, wenye kiwanda waliokuwa wamefukuzwa nchini, iliporudi katikati ya miaka ya 1980 na kiwanda kikafufuliwa. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuchezea sufuria yake.

Alianza kwa kuponda tangawizi na kuichemsha, kisha akachuja maji yake na kuyamimina juu ya sukari, takribani theluthi moja ya lita kwa kilo moja. Alikoroga juu ya moto mdogo wa sigiri hadi chembe zote zikayeyuka, akakamulia ndimu moja, akaengua povu la kijivu ambalo sukari ya rangi ya kahawia hulitoa, na baada ya hapo mwiko ukawekwa kando kabisa. Kazi yangu ilikuwa kupitisha kitambaa chenye maji kwenye kingo za ndani za sufuria, kwa sababu chembe moja ya sukari ikidondoka kutoka ukingoni huweza kuifanya shira nzima irudi kuwa chengachenga. Mjomba alinieleza kuwa ndimu nayo ina kazi hiyohiyo ya kinga: asidi yake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haugandi kwa urahisi.

Kisha tukangoja. Shira haipandi joto mpaka maji yaliyomo yatoke, na ndiyo sababu hukaa muda mrefu kana kwamba hakuna kinachoendelea, halafu mwishoni joto hupanda kwa kasi. Bibi hakuangalia kipimajoto hata mara moja. Alisikiliza. Mchemko wa mwanzo ulikuwa wa fujo, wenye mapovu makubwa. Baadaye mapovu yakawa madogo na mazito, na sauti ikapungua. Hapo alianza kudondosha matone kwenye bakuli la maji baridi. La kwanza likawa laini vidoleni, la baadaye likavutika bila kuvunjika, na alipofika kwenye tone lililokatika kwa mlio mkavu akaishika sufuria kwa kitambaa.

“Mama, ngoja kidogo,” mjomba akasema. “Kitabu kinataka nyuzi 150, na hapa tuko 146.”

“Mwanangu, hii imeiva,” Bibi akajibu, akaiepua.

Alimimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, akasubiri ukingo uanze kushika, akachora miraba kwa kisu kabla haijagumu. Mjomba alikaa na karatasi yake, na sisi watoto tukamzunguka. Nampenda zaidi kwa jinsi alivyolifuatilia jambo lile badala ya kubishana. Jinja iko juu kidogo ya Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Shira nayo hufuata: kila hatua hufikiwa nyuzi nne hivi mapema. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari, na kwetu 150 yake ilikuwa 146. Bakuli la Bibi halikuhitaji hesabu hiyo, kwa kuwa tone huonyesha maji yaliyobaki ndani ya shira, na hicho ndicho kinachoamua ugumu wa peremende, iwe Mombasa au Jinja. Mjomba alimsomea hesabu yote, na Bibi akataka arudie sehemu ya maji kuchemka mapema, kwani alikuwa ameona tangu alipohamia huku kwamba maharage yanachelewa kuiva.

Peremende zilipopoa tulizivunja kwenye mistari, zikatoka za rangi ya asali, angavu, zenye ukali wa tangawizi uliokuja baada ya utamu. Nyingi tulizifungia kwenye bati la maziwa ya unga, na chache zikabaki kwenye sinia kwa ajili ya watoto wa jirani watakaokuja kutoa mkono wa Idd. Asubuhi ilinyesha mvua, na sukari iliyoiva hivyo hunywa unyevu wa hewani upesi: za kwenye sinia zilikwisha kabla ya adhuhuri zikiwa zimeanza kunata, na za kwenye bati tulizila juma zima zikiwa kavu.