Nilivyoshusha mawe kutoka juu ya bati na kulifunga paa langu, Keshero

Huku Keshero, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye mitaa ya chini inayoshuka Ziwa Kivu, nyumba ya mbao isiyo na mawe juu ya bati ni ya kutafuta. Tunapandisha kila kizito tulicho nacho: mawe ya volkano, matairi, kinu kilichopasuka, hata injini ya pikipiki nimeiona kwenye paa la jirani. Mimi nimepanga nyumba ya namna hiyo, vyumba viwili na sebule, na kazi yangu ni kuanika na kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Leo paa langu halina jiwe hata moja, na mvua za misimu kadhaa zimelipitia. Akina mama wa soko la Kituku wananiuliza kila mara nilifanyaje, kwa hiyo naeleza yote hapa.

Kwanza upepo wenyewe. Binamu yangu wa Dar es Salaam alinipigia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani ya Tanzania, akaniuliza kama na sisi tunajiandaa. Nilicheka. Goma iko karibu mno na ikweta na mbali mno na bahari, kimbunga hakitufikii. Wetu ni upepo wa dakika chache. Wingu jeusi linasimama, hewa ya baridi iliyo ndani yake inaporomoka pamoja na mvua, ikigusa chini inatawanyika kwa kasi, na juu ya ziwa hakuna mti wala kilima cha kuizuia. Anayeanika samaki anaujua kabla haujafika: joto linakatika ghafla, maji ya ziwa yanageuka meusi kwa mbali, na hapo una muda wa kukunja chandarua cha kuanikia, basi. Ukishafika, humwoni mtu barabarani. Bati likiruka kwenye avenyu nyembamba linakata.

Fundi aliyenitengenezea paa alianza kwa kunieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alisema: «Mama Neema, upepo hautaki kuangusha paa yako. Unataka kuibeba.» Upepo ukipiga ukuta unapanda, unapita juu ya paa kwa kasi, na bati linavutwa kwenda juu, hasa kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye mgongo wa paa. Mlango wa upande wa ziwa ukiwa wazi, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu upepo unaingia na kulisukuma bati kutoka ndani huku mwingine unalivuta kutoka nje. Na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu haiongezeki maradufu tu, inakuwa mara nne. Sasa weka hapo jiwe la volkano, ambalo limejaa matundu na ni jepesi kuliko linavyoonekana. Bati likinyanyuka kidogo upande mmoja, jiwe linateleza na kuangukia aliye chini. Yaani tunajipandishia kitu cha kutuumiza halafu tunakiita ulinzi.

Dawa, kwa maneno yake, ni kufunga. Bati lishike papi, zile mbao nyembamba za chini yake; papi ishike shevroni, mbao nene zinazobeba paa; shevroni ishike nguzo, nguzo ishike mwamba. Hapo nilimwelewa bila maelezo zaidi, maana wavuvi wetu wa sambaza wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kamba namna hiyo hiyo, na fundo moja likilegea zote tatu zinaanza kucheza.

Kabla ya misumari kulikuwa na mwenye nyumba. Hapa ndipo wapangaji wengi wanakwama, wanasema nyumba si yangu, nitengeneze kwa nini? Lakini vitu vilivyo ndani ni vyangu, na watoto ni wangu. Mwenye nyumba wangu, tunayemwita Papa, ni mtu mzuri ila mgumu wa mkono. Nilipomwendea alinijibu kwamba nyumba aliijenga mwaka ule volkano iliposhuka, 2002, na haijawahi kwenda popote. Nikamwambia: «Papa, mwaka ule bati lilikuwa jipya.» Akanyamaza. Nilikuwa nimekwenda na kipande cha bati. Fundi alikikata kwenye pembe ya paa, pale msumari ulipokuwa. Nilikiweka juu ya meza yake. Tundu la msumari lilikuwa limepanuka, kingo zake zimeliwa na kutu, ukigusa kwa kidole gumba linavunjika kama gamba. Msumari wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Yaani kichwa cha msumari kingebaki kwenye mbao na bati lingeondoka.

Hilo ni la kwetu zaidi kuliko la miji mingine. Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, una gesi, gesi inachanganyika na mvua, mvua inakuwa na asidi na kula bati. Upepo mara nyingi unapeleka moshi magharibi, ndiyo maana watu wa Rusayo na Sake wanalalamika kuliko sisi, lakini hata Keshero bati la bei ndogo halizeeki vizuri. Papa alilijua hilo kuliko mimi, amejenga nyumba nyingi.

Tulikubaliana hivi: kinachobaki na nyumba ni chake, yaani mabati, misumari na mbao; kazi ya fundi tutagawana. Mimi nitatoa pesa zote kwanza, naye atakata kwenye kodi ya kila mwezi mpaka deni liishe. Tuliandika kwenye daftari, nakala mbili, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, akatia sahihi kama shahidi. Usikubali kwa mdomo tu, hata kama ni baba yako wa ubatizo. Pesa nilizipata kwa likelemba, mchango wetu wa kupokezana kwa zamu. Mabenki ya Goma yalikuwa yamefungwa tangu Januari 2025, sikuwa na mlango mwingine wa kugonga, na wenzangu wa sambaza walikubali nipokee zamu yangu mapema kwa sababu wote wanajua mvua za Septemba hazisubiri.

Tulifanya kazi kiangazi, kati ya Julai na Agosti. Mabati nilinunua kwenye maduka ya Birere, na hapo ujue kusoma namba: inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. La 32 unalikunja kwa mkono, la 28 linakupinga. Sikuweza kununua la 28 kwa nyumba nzima. Fundi alipanga mabati mazito kwenye kingo nne na kwenye pembe, yale ya zamani yaliyokuwa bado mazima yakaingia katikati, ambako upepo hauvuti sana. Misumari ni ile yenye kofia pana, na inapigwa kwenye mgongo wa wimbi la bati, kamwe si kwenye bonde, maana maji yanapita bondeni na tundu litavuja. Kingoni alipiga karibu karibu, katikati akaachia nafasi. Kila msumari uliotokeza chini ya papi ulikunjwa ncha ili usichomoke. Nilikaa chini na nyundo ya pili nikikunja mwenyewe. Ni kazi ya kuumiza shingo.

Baraza lilileta ugomvi. Zamani paa lilitokeza mbele kwa upana mkubwa, limeshikwa na nguzo mbili, na hapo ndipo nilipoanika siku za mvua. Fundi alitaka kulikata. Upepo ukiingia chini ya paa linalotokeza namna ile, alisema, unapata pa kushika, na baraza likiondoka linaondoka na nyumba. Sikutaka kupoteza kivuli changu. Mwisho tulikata paa kubwa likabaki na ukingo mfupi, kisha baraza likajengwa upya kama kitu cha pembeni, na mbao zake na mabati yake. Likibebwa, libebwe peke yake. Nadhani huu ndio uamuzi mzuri kuliko yote tuliyofanya, na haukutugharimu karibu chochote, mbao zilikuwa zile zile.

Sehemu iliyochukua muda ni mwamba. Nyumba za mbao hapa zimekalishwa tu juu ya mawe, kwa sababu ardhi yetu haichimbiki. Fundi alileta kijana mwenye patasi na nyundo nzito, wakatoboa lava yenyewe kwenye kila pembe na katikati ya kuta ndefu. Kila pigo lilitoa cheche na harufu ya kiberiti. Tundu lilikuwa na kina cha kuzidi kiganja na mkono wa mbele wa mtoto, na walihakikisha linapanuka kidogo chini, ili saruji ikikauka isiweze kutoka kama kizibo. Kisha jambo ambalo nisingelifikiria: walipuliza vumbi lote kwa kipande cha mpira wa maji, wakaosha, wakapuliza tena. Saruji ikikuta vumbi inashika vumbi, haishiki jiwe. Ndipo nondo iliyokunjwa ikaingia na saruji ikamiminwa. Waliniagiza niimwagilie maji siku kadhaa na nisiruhusu mtoto kuikanyaga. Ilipokomaa, nguzo zilifungwa kwenye nondo hizo kwa waya mnene uliokunjwa mara mbili na kusokotwa kwa kipande cha chuma mpaka ukalia. Waya wa namna hiyo hiyo ulifunga shevroni kwenye nguzo, juu. Misumari peke yake haitoshi pale, kwa sababu upepo unavuta kufuata urefu wa msumari, na mbao ya mkaratusi ikishakauka na kupasuka inauachia.

Maji nitayasema kwa ufupi. Dada yangu anaishi Uvira, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia mitaa ya kando ya ziwa, watu wakahama. Kivu si hivyo. Maji yake yanatoka nje kupitia mto Ruzizi, pale Bukavu, na kuna bwawa la umeme linaloyapimia. Ziwa letu linatupiga kwa mawimbi wakati wa upepo zaidi kuliko kutupandia polepole. Kinachoingia ndani kwetu ni maji ya juu, ya barabarani, yanayotafuta ziwa na kukuta mlango wangu njiani. Hatujasahau Bushushu na Nyamukubi, upande wa Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, mito ilipojaa ghafla na kuua zaidi ya watu 400. Goma haina mito ile, lava inanyonya. Lakini inanyonya kupitia nyufa, na sisi wenyewe tunaziziba kwa udongo na takataka tukisawazisha parseli, yaani viwanja vyetu. Nilichofanya ni kuzibua ufa mkubwa ulio nyuma ya choo, nikauzungushia mawe makubwa ili taka zisiingie, na kuelekeza maji ya barabara huko kwa mfereji mfupi. Maji ya bati yanaingia kwenye tangi, ni ya kufulia tu. Hatuyanywi, kwa sababu ya ule moshi.

Upepo wa kweli ulikuja Novemba, mchana, nikiwa Kituku. Nilikimbia nikakuta watoto wamefunga mlango wa upande wa ziwa na kukaa chini ya ukuta wa upande wa pili, kama tulivyozoea. Baraza lilikuwa limepoteza mabati mawili. Moja tulilipata kwenye ua wa kanisa, la pili hatujaliona mpaka leo. Paa la nyumba lilibaki. Jirani wa injini ya pikipiki alipoteza nusu ya paa lake, na injini iliangukia chungu cha maharage, hakuna aliyeumia. Jioni ile ile Papa alikuja na viatu vya mvua, akazunguka nyumba mara mbili, akavuta kila waya kwa mkono wake. Hakusema asante. Aliuliza namba ya simu ya fundi.

Sasa kila Agosti napandisha kijana kwenye ngazi. Anakaza waya zilizolegea, maana mbao inavimba na kusinyaa, anaangalia kutu kuzunguka vichwa vya misumari ya kingoni na kupaka rangi palipoanza kuliwa. Mwaka huu mabati matatu ya katikati yamechoka. Deni la kodi na Papa liliisha, kwa hiyo tumefungua ukurasa mpya kwenye daftari lile lile, na safari hii ni yeye aliyemwita shefu wa avenyu.