Nilivyogawa intaneti ya ofisi badala ya kuifunga

Ofisi ninayoihudumia Dar es Salaam ina watu wapatao 40 na laini ya mkongo ya Mbps 20. Ugomvi wake mnaujua: IT wanafunga YouTube na Facebook, watu wanaweka VPN (programu ya kupita vizuizi) kwenye simu, IT wanaiwinda VPN, idara ya masoko inashindwa kupandisha tangazo Instagram, na mhasibu anasubiri mfumo wa kodi wa TRA ufunguke huku akiwalaumu wote. Kurefusha orodha ya tovuti zilizofungwa hakukutuliza chochote. Kilichosaidia ni kugawa kasi kwa haki na kuwaambia watu waziwazi kilichofungwa na sababu yake.

Nilianza kwa kupima. Ruta yetu ni MikroTik, nayo ina kifaa kiitwacho Torch kinachoonyesha kila kompyuta inavuta kiasi gani kwa wakati huo. Pima asubuhi watu wanapowasha mashine, mchana, na jioni. Utakachokiona kinaweza kuwasafisha wafanyakazi. Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo Jumatano asubuhi kompyuta zote huanza kupakua kwa pamoja. Watu wanasemwa kwa YouTube, kumbe laini imemezwa na Windows. Dawa yake ni Delivery Optimization, kipengele cha Windows chenyewe: weka Download Mode kuwa 1 kupitia Group Policy (mipangilio ya pamoja ya kompyuta za Windows za ofisi), kompyuta zigawane mafaili zenyewe kwa zenyewe. Hakikisha bandari (mlango wa data) TCP 7680 haijazibwa kati yao, la sivyo kila moja itaendelea kupakua peke yake.

Mvutaji wa pili ni simu zinazopandisha picha Google Photos. Hizi hujaza njia ya kupandisha, na njia hiyo ikijaa hata kupakua kunakwama, kwa sababu majibu ya kuthibitisha kupokea data yanachelewa kutoka.

Ndipo nikapanga foleni, yaani kanuni za ruta zinazoweka kikomo cha kasi. Foleni kuu nimeiwekea Mbps 18, siyo 20, kwenda na kurudi. Ukiweka 20 kamili, msongamano unatokea kwa mtoa huduma ambako huna mamlaka. Ukibana kidogo, unatokea kwenye ruta yako na wewe ndiye unayeamua nani apite. Chini yake kuna foleni mbili. Kompyuta za kazi zimehakikishiwa Mbps 14 na zinaweza kufika 18. Simu na wageni, walio kwenye wifi yao na VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya ruta ile ile), wamehakikishiwa 2 na kikomo chao ni 6. Zote mbili zinatumia PCQ (pcq-upload-default na pcq-download-default), aina ya foleni ya MikroTik inayogawa sawa kwa sawa kwa kila anayetumia muda huo. Mtu akiangalia video, anakula fungu lake tu.

Hapa wengi hukwama: foleni zimeandikwa vizuri lakini hazishiki. Angalia kanuni ya FastTrack (njia ya mkato ya data) kwenye faiawoli, ambayo mara nyingi huja na mipangilio ya awali. Data inayopita FastTrack hairuki faiawoli peke yake, inaruka na simple queues, yaani hizo foleni, pia. Izime.

Baada ya hapo nilifungua mitandao ya kijamii kwa wote. Kilichobaki kufungwa ni ponografia na tovuti zenye programu hasidi, kwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) ya Cloudflare 1.1.1.3, pamoja na tovuti za kubeti, ambazo 1.1.1.3 haizifungi na inabidi uziandike mwenyewe kwenye ruta. Elekeza maombi yote ya bandari 53, UDP na TCP, yarudi kwenye ruta, maana wapo wanaobadilisha DNS kwa mkono. Kwenye Chrome na Edge zima DNS ya HTTPS, ambayo hufichwa na kuikwepa ruta, kwa Group Policy. Usitegemee ukurasa wa kusema "tovuti hii imefungwa": tovuti nyingi leo ni HTTPS (mawasiliano yamesimbwa), na kivinjari kitaonyesha kosa la cheti au ukurasa usiofunguka. Mtumiaji ataamini mtandao umeharibika na atapiga simu IT. Ndiyo maana orodha ya kilichofungwa tuliibandika ukutani na kuituma kwa barua pepe.

VPN sikuiwinda tena. Sababu kubwa ya kuiweka ilikwisha, na kwa anayeihitaji kikazi ipo njia halali: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake.

Karatasi ya kanuni ni ukurasa mmoja. Mkuu wa idara anaomba tovuti ifunguliwe, IT inajibu siku hiyo hiyo, na ruhusa ina tarehe ya kwisha. Imeandikwa pia tunachohifadhi: anwani ya IP, jina la tovuti na kiasi cha data, kwa siku 30. Meneja akitaka kumbukumbu za mtu mmoja, apitie Rasilimali Watu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mwajiri pia, na mtu wa IT asikubali kugeuzwa mpelelezi.

Ukimaliza, jaribu hivi: kompyuta kadhaa za kazi zipakue mafaili makubwa kwa pamoja, huku nyingine ikipiga ping (kupima muda wa jibu) kwenda 1.1.1.1. Majibu yakipanda kupita milisekunde 100, shusha foleni kuu kutoka 18 hadi 17 urudie.