Ajali ya barabarani Kenya: karatasi za kushika mapema kabla ya kudai fidia

Madai mengi ya fidia huharibika kabla wakili hajaonekana. Huharibika katika wiki za kwanza, majeruhi akiwa wodini na jamaa wakihangaikia bili tu. Kama una mgonjwa wa ajali, chagueni mtu mmoja katika familia ashike faili: karatasi zote ziingie kwake, na asimpe mtu yeyote nakala halisi bila kubaki na kopi.

Anza na stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Ipige picha mpaka jina la kampuni, nambari ya bima na tarehe ya kuisha zisomeke, kisha upige nambari ya gari. Matatu nyingi hulipiwa bima mwezi kwa mwezi, na mwenye gari anaweza kuhamia kampuni nyingine mwezi unaofuata. Ukikaa wiki sita ndipo uanze kuuliza, unaweza kuifuata njia nzima kampuni ambayo siku ya ajali haikuwa imelikatia gari hilo bima kabisa.

Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aripoti ajali yenye majeruhi ndani ya saa 24. Usimtegemee. Nenda kituoni, hakikisha jina la mgonjwa limeandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, uchukue nambari ya taarifa hiyo. Baadaye utaomba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, nayo uisome hapo hapo kaunta neno kwa neno: majina ya majeruhi kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe na mahali pa ajali, nambari ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima. KCB ikiandikwa KCD, hilo ni gari la mtu mwingine. Abiria kuandikwa kama mpita njia kunaonekana jambo dogo, lakini wakili wa bima atasimamia hapo hapo kusema huyu hakuwa ndani ya gari. Kosa likionekana siku hiyo, afisa hulirekebisha kwa dakika chache. Likionekana kortini baada ya miaka miwili, afisa amehamishwa na OB haipatikani.

Fomu ya P3, inayoeleza majeraha, hujazwa na polisi sehemu ya kwanza, kisha daktari. Daktari anaandika anachokiona kwenye rekodi za matibabu, kwa hivyo nenda na karatasi za siku ya kwanza, picha za eksirei na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Kama maumivu ya mgongo hayakutajwa popote siku ya kwanza, kuyaingiza baadaye ni kazi ngumu. Mgonjwa aseme kila mahali panapouma, hata kama mguu uliovunjika ndio unaoangaliwa na kila mtu.

Kuhusu mwenye gari: toa rekodi ya umiliki NTSA, mamlaka inayosajili magari. Kisheria aliyesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe vingine. Dereva na mwenye gari hushtakiwa pamoja, kwa sababu dereva peke yake mara nyingi hana cha kulipa. Boda isiyo na bima inaweza kudaiwa vile vile, ila hapo unafuata mali ya mwenye boda.

Sasa pesa. Gharama ulizotumia hulipwa kwa risiti tu, na lazima ziorodheshwe kwenye madai: dawa, teksi za kwenda kliniki, magongo, ada ya ripoti ya daktari. Bila risiti korti haikukadirii. Maumivu na ulemavu ndivyo jaji au hakimu hukadiria, kwa kulinganisha na hukumu za awali za majeraha yanayofanana. Kitu kinachosahaulika sana ni vyuma vilivyowekwa mfupani. Vikihitaji kutolewa, daktari aandike makadirio ya gharama ya upasuaji huo kwenye ripoti yake, na wakili aitaje kwenye madai; isipodaiwa, hailipwi. Mtu wa jua kali asife moyo kwa kukosa hati ya mshahara. Korti zimekubali ushahidi mwingine wa kipato, na taarifa za M-Pesa, daftari la mauzo na shahidi wa kazini husaidia sana.

Kabla ya kufungua kesi, kampuni ya bima ipewe notisi ya maandishi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inairuhusu kampuni kukataa kulipa hukumu kama haikuarifiwa kwa wakati. Nakala hiyo ndogo inaweza kuwa na thamani kuliko ushahidi wote. Jua pia kwamba bima hiyo ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi kinadaiwa kwa mwenye gari.

Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, na hapo ndipo wengi hufungiwa nje wakisubiri mazungumzo ya "tutakupigia". Mazungumzo hayasimamishi saa. Aliyeumia akiwa kazini, mathalani kondakta, ana njia ya WIBA ya 2007, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, kupitia Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nayo ina muda wake wa miezi 12.

Mabroka wanaozunguka wodini wakikusanya sahihi waepukwe. Sheria ya Mawakili haitambui mkataba wa wakili kulipwa ukishinda tu, na mtu aliyeuza faili lako hatakuambia limefika kwa nani. Mchague wakili mwenyewe, hakikisha ana leseni ya mwaka huu kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, na umwombe nambari ya kesi pindi ikifunguliwa.

Kampuni ikitaka kumaliza nje ya korti, itakuletea hati ya kukubali malipo. Soma kama inafunga madai yote, ya sasa na ya baadaye. Usiisaini kabla daktari hajasema jeraha limetulia, kwa sababu ukishasaini, upasuaji wa mwaka kesho utaugharamia mwenyewe.