Siku Mjomba Alipogombana na Kompyuta

Desemba ya 2013 nilikuwa Muscat, nimefikia kwa mjomba wangu, Al Khoudh. Binti yake alikuwa amerudi likizo kutoka Uingereza, anakosomea namna ubongo unavyoyashika maneno, na katika mizigo yake alileta jaribio lililohitaji watu. Waarabu wa kuzaliwa alikwisha wapata, wenzake wa zamani wa shule. Waliomsumbua ni kundi la pili: waliokuja kujifunza Kiarabu baada ya lugha nyingine, lakini wakakijua kiasi cha kusoma gazeti bila kuvuta pumzi. Tulikuwa mezani, chai na maandazi, akanigeukia.

"Kaka, wewe si umesoma sarfu Unguja?"

Nimeisoma, elimu hiyo ya namna maneno ya Kiarabu yanavyoundwa, tena kwa namna ile tuliyoisoma wote, baada ya Alasiri, kwa sauti moja, fa'ala yaf'ulu, mpaka mdomo ukazoea kabla kichwa hakijaelewa. Kwa wasiopitia huko: maneno mengi ya Kiarabu yana mzizi wa konsonanti, kwa kawaida tatu, na mzizi huo hutiwa ndani ya mizani, yaani umbo la irabu na viambishi. Chukua k, t, b, zenye habari ya kuandika. Katika mizani moja zinatoa kataba, ameandika. Nyingine katib, mwandishi. Nyingine maktab, ofisi. Sisi tulikuwa na kitabu, katibu na maktaba vinywani tangu utotoni, na hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa ni ndugu. Mwalimu alitupa mzizi, nasi tukaupitisha katika mizani zote, mmoja akikosea tunaanza upya. Niliichukulia kama hesabu iliyobuniwa na wazee wa zamani kuwachosha watoto. Kwamba kichwa cha Mwarabu aliyekaa zake barazani huenda kinaifanya hesabu hiyo bila kutumwa, hilo halikunipitia.

Akaniweka majlisi, pazia limeshushwa, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu ya kelele, simu yangu amekwenda nayo. Maelekezo yalikuwa mafupi. Katikati ya kioo zitatokea alama za reli, ####, kisha neno la Kiarabu. Likiwa neno la kweli, bonyeza kulia; si neno, kushoto. Upesi uwezavyo, lakini usibahatishe.

Hakuniambia mapema kwamba baina ya zile alama na neno nililoliona kulikuwa na neno jingine. Lilipita kwa milisekunde 48, kwa hati ndogo zaidi, likafunikwa papo hapo na neno lenyewe. Wenzetu wanaofanya majaribio kama haya kwa Kiingereza huandika neno la siri kwa herufi ndogo na la wazi kwa herufi kubwa. Kiarabu hakina herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo hubadilishwa ukubwa wa maandishi. Mimi niliona mmemetuko tu, nikadhani kioo kimechoka.

Nilichokihisi kilikuwa kwenye vidole. Maneno ya uongo yenye mzizi usiokuwapo niliyafukuza bila taabu. Yaliyonitia kigugumizi ni yale yaliyokuwa na mzizi wa kweli uliovalishwa mizani isiyo yake. Kidole kilikwenda kulia, kikasita, kikarudi kushoto, na hapo muda umekwisha kwenda.

Nilipomaliza ndipo aliponieleza. Sami Boudelaa na William Marslen-Wilson wamefanya kazi kubwa katika jambo hili. Katika utafiti waliouchapisha 2005 walilionyesha neno la siri kwa vipindi vya milisekunde 32, 48, 64 na 80, wakatazama kama linamsaidia mtu kulitambua upesi neno la wazi. Maneno hayo mawili yakiwa na mzizi mmoja, mzizi ulisaidia tangu kipindi kifupi kabisa na ukaendelea kusaidia. Mizani ya pamoja ilijitokeza katika 48 na 64, kisha ikatoweka. Tena mzizi ulisaidia hata pale maana zilipoachana: katiba kwa Kiarabu, i ikivutwa, ni kikosi cha askari, na ukimpitishia mtu neno hilo kwa siri atalitambua upesi zaidi neno maktab, ingawa ofisi na kikosi havihusiani.

Nikapinga. Herufi zimefanana, nikasema, ndiyo maana.

"Hilo walilifikiria, kaka. Wakaweka pia maneno yanayofanana herufi lakini mizizi mbalimbali. Hayakusaidia hivyo."

Nikataka kuona muda wangu mwenyewe. Akanionyesha safu za tarakimu, akakataa kuzifasiri. Mtu mmoja si kitu, alisema. Leo una usingizi, kesho umekunywa kahawa. Nilidhani ananificha aibu. Sasa naona alikuwa mtafiti mzuri.

Mjomba alikuwa mlangoni muda wote huo, kanzu na kofia, amekwisha kuswali Isha. Yeye alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana katika miaka ya sabini, na Kiarabu cha ofisini alikipata kazini. Nyumbani kwake ni Kiswahili tu. Kwa sifa hizo alikuwa mtu wa kundi la pili hasa, lakini binti yake hakuwa amemwomba. Akaketi mwenyewe.

Maneno ya mwanzo alikwenda vizuri. Kisha akasimama. Kwenye kioo palikuwa na herufi ambazo ukizisoma kwa mizani ya ghassala, mashine ya kufulia, na thallaja, friji, unapata nawwama, kutoka mzizi wa kulala.

"Hili lipo," akasema.

"Baba, bonyeza tu."

"Nakwambia lipo. Ghassala inafua, thallaja inagandisha. Hii inalaza watu. Hospitalini lazima wanayo."

"Hakuna mashine hiyo, Baba."

"Mashine ikiwa haijaletwa, neno lina kosa gani?"

Kompyuta ilikuwa inangoja. Binti yake alishika kichwa, nami nilicheka mpaka nikamwaga chai, lakini mabishano yale yalinifundisha kuliko tarakimu. Mzee hakuwa amelikumbuka neno, hakuwahi kulisikia. Alikuwa amelitengeneza papo kwa papo, mzizi mkono huu na mizani mkono huu, akapata na maana yake. Ndiyo hesabu ya mwalimu wangu, ila mimi nilihitaji fa'ala yaf'ulu nzima kufika hapo, na yeye alifika akiwa anarekebisha kofia.

Akaendelea na mawaidha kwamba haya yote si mageni. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyefundisha Basra katika karne ya 8 na ambaye Waomani wanamhesabu wao, alitunga kamusi kwa kupanga mizizi na kuzigeuzageuza konsonanti zake kila upande, akiuliza upi unatumika na upi umeachwa. Binti yake akamjibu kwamba kugeuzageuza huko kumeonekana hata kwa wagonjwa. Jean-François Prunet, Renée Béland na Ali Idrissi walichapisha mwaka 2000 habari za mtu aliyeharibika sehemu ya ubongo, anayejua Kiarabu na Kifaransa, anayetajwa kwa herufi ZT tu. Katika Kiarabu alipangua konsonanti za mzizi, irabu za mizani zikabaki mahali pake. Katika Kifaransa kosa hilo halikuwapo. Ilikuwa hoja nzito kwamba mzizi una makao yake kichwani, hata usipoweza kuutamka peke yake. Mjomba alinyamaza, akamwombea shifaa mtu yule, kisha akauliza kama alipona. Binti yake alisema makala haikuwa ya habari hiyo.

Majibu ya Mjomba hayakuingia katika hesabu. Jibu lililochelewa kupita kiasi hufutwa, na lake la nawwama lilikuwa limekwenda dakika kadhaa, pamoja na mengine aliyoyasimamia. Alipoambiwa hakukasirika sana. Alidai apewe duru nyingine, kwa sharti kwamba maneno yatiwe irabu, kwani bila irabu k, t, b ni kataba, ni kutiba, ni kattaba, ni kutub, na mtu anahukumiwaje kwa neno ambalo hata mwandishi hakulimaliza? Binti yake akamweleza kuwa ndivyo yanavyoandikwa magazetini. "Basi na magazeti nayo yajaribiwe," akasema, akavuta kiti karibu na kioo.