Cheo cha Norfolk na Ukoo wa Howard

Nilipotazama mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022, macho yangu yalimfuata aliyeandaa shughuli nzima, yaani Duke (cheo cha juu cha heshima Uingereza) wa 18 wa Norfolk, ambaye ukoo wake wa Howard ulipewa cheo hicho na Mfalme Richard wa Tatu mwaka 1483. Duke wa kwanza aliuawa vitani Bosworth miaka miwili baadaye, akimpigania mfalme huyohuyo.

Anayenishangaza zaidi ni Duke wa tatu, mjomba wa Anne Boleyn na baba mkubwa wa Catherine Howard, wake wawili wa Henry wa Nane waliokatwa vichwa. Yeye mwenyewe alikwisha kuhukumiwa kifo, lakini mfalme akatangulia kufariki Januari 1547 kabla hukumu haijatekelezwa, naye akabaki kifungoni katika Mnara wa London hadi 1553. Mjukuu wake, Duke wa nne, hakuwa na bahati hiyo: alikatwa kichwa mwaka 1572 kwa kula njama dhidi ya Elizabeth wa Kwanza, na cheo kikafutwa hadi 1660.

Ajabu ni kwamba ngome yao, Arundel, haipo katika kaunti ya Norfolk bali katika kaunti ya Sussex.