Taipureta ya Babu

Tangu nipate akili, picha ile ilikuwa juu ya mlango wa chumba cha bibi, hapa Lindi mjini, ndani ya fremu iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Babu amekaa mkekani barazani, kanzu na kofia, miguu ameikunja. Mapajani ana kitu kirefu chenye vitufe vya mviringo. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nini. Ni taipureta. Babu alikuwa karani.

Ukarani huo ndio uliotulea. Ukipata sifuri ya hesabu, mama anakuonyesha ukutani: "Mwenzio alichapa barua za wazungu." Mjomba alipopeleka posa, wazee waliutaja ukarani kabla ya mahari. Mimi mwenyewe nilisomea uhazili, na kila nilipoulizwa kwa nini, jibu nilikuwa nalo.

Mwezi uliopita fremu ilianguka. Nikaitoa picha, nikaipiga kwa simu, nikaikuza. Karatasi haipo. Hata pa kuiingizia hapaonekani. Nimechapa miaka kumi na moja, najua mikono ya mchapaji inavyokaa, na ya babu haikukaa hivyo. Wa kushoto umetanda juu ya vitufe. Wa kulia uko pembeni kabisa, umebana kitu kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikakuza tena. Kwenye vitufe kuna namba, si herufi, na chini yake mistari myembamba imenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani picha imekwaruzika. Lakini mikwaruzo gani inajipanga sawasawa namna ile?

Jumapili nikavuka Kitunda kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga taarabu ujanani. Shikamoo, marahaba, nikampa simu. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akacheka mpaka akakohoa.

"Karani? Mjukuu wangu, hii taishokoto."

Jina nilikuwa nimelisikia kwenye habari za taarabu ya Mombasa na Unguja, sura yake ndiyo sikuijua. Ni ala ya Kijapani. Aliibuni Goro Morita huko Nagoya mwaka 1912, na jina imelipata kwa enzi ya Taisho iliyoanza mwaka huohuo. Ikasafiri: Wahindi wanayo ya kwao, wanaiita bulbul tarang, na huku pwani ikaingia kwenye taarabu pamoja na udi na fidla. Na vile vitufe, wazo lake Morita alilipata kwenye taipureta! Kwa hiyo ukoo mzima haukukosea sana. Tulipitiliza kituo kimoja tu.

Mzee akaulaza mkongojo wake mapajani kunionyesha. Nyuzi ni za chuma, karibu zote zinakazwa sauti moja. Mkono wa kushoto unabonyeza kitufe, kitufe kinazikandamiza nyuzi, zinafupika, sauti inapanda. Wa kulia unakwangua tu, kwa kile kitu kidogo nilichokiona. Nikamuuliza inaliaje. "Kama nyuki waliofungiwa kwenye debe," akasema, "ila nyuki waliofundishwa adabu."

Mzee hakumjua babu. Lakini aliiomba simu mara ya pili, akanionyesha kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kidole cha kati kimebonyeza, cha pete kimeinuka kidogo, kimeshaelekea kitufe kinachofuata. "Aliyekuja kupigwa picha tu hawezi kuweka kidole hivi," akasema. "Huyu alikuwa katikati ya wimbo." Nilikaa na sentensi hiyo boti nzima wakati wa kurudi. Miaka yote tumemtazama yule mtu tukidhani yuko kazini.

Usiku nikampigia mama. Alinyamaza, kisha akasema nisiwaambie wakwe wa mjomba. Shangazi alikataa katakata. Kwake taipureta ni taipureta, na huyo mzee wa Kitunda amezeeka.

Mjomba ndiye alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nyuzi zake zilikuwa nyembamba. Nikamwambia nyembamba sana. Akauliza kama zinashika kutu. Nikamwambia za chuma, labda. Kimya. Nikadhani salio limekwisha.

"Chini ya kitanda cha bibi yako palikuwa na kopo," akasema. "Waya mwembamba, umeviringwa vizuri, umepakwa mafuta. Tulitegea tetere."

"Wote?"

"Wote."