Siku yangu na roboti ya upasuaji wa sikio

Saa 12:30 asubuhi. Nafika thieta kabla ya madaktari. Leo mgonjwa asiyesikia vizuri anawekewa kipandikizi cha koklea, kifaa chenye waya unaopeleka umeme kwenye mshipa wa kusikia. Mimi ni mhandisi, si daktari, kisu sikishiki. Nawasha roboti, naigusisha ncha ya mkono wake kwenye alama za kipimo, nasoma skrini. Ikipotoka hata robo ya milimita, leo hakuna kazi.

Saa 2. Mgonjwa ameshapewa nusukaputi. Daktari anafunga skrubu ndogo kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha picha za CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka, zinapigwa. Kwa skrubu hizo roboti inaoanisha picha na kichwa chenyewe.

Saa 3. Hapa ndipo penye kazi, ingawa ukichungulia dirishani utaona watu wawili tu wamekodolea kompyuta. Tunachora njia ya keekee ya milimita 1.8 kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio. Njia ipite kati ya mishipa miwili ya fahamu: unaoendesha misuli ya uso na unaobeba ladha ya ulimi. Mwanya wenyewe ni kama milimita 2.5.

"Daktari, upande wa mshipa wa uso tumebakiwa na milimita 0.3."

"Haitoshi. Sogeza upande wa mshipa wa ladha kidogo."

Nasogeza, upande wa uso sasa inasoma milimita 0.4. Heri ulimi upungukiwe ladha kuliko uso kupinda. Kuna wagonjwa ambao mwanya ni finyu mno. Hao roboti inawekwa kando na daktari anauchimba mfupa kwa mkono, kama ilivyozoeleka.

Saa 4:30. Kutoboa. Wageni wakija kutazama huchoka upesi. Keekee inaingia kidogo, inatoka, inaoshwa kwa maji, inarudi, maana joto la msuguano linaweza kuuunguza mshipa. Kabla ya kuufikia mshipa wa uso tunasimama kabisa, tunapiga CT nyingine, tunapitisha umeme mdogo tunduni kuona misuli ya uso inaitikiaje. Muda wote huo kidole changu kiko kwenye kitufe chekundu.

Saa 6. Waya wa elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, unaingia kwenye koklea iliyojikunja kama konokono. Injini ndogo inausukuma milimita 0.1 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa milimita 24 unachukua dakika 4. Mkono wa mtu ukienda polepole hivyo unatetemeka, na kila mtikisiko unasukuma majimaji ya ndani na kuhatarisha usikivu kidogo uliobaki.

Saa 7 mchana. Tunapima elektrodi moja moja. Mshipa wa kusikia unajibu.

Saa 8:30. Mgonjwa ameamka.

"Mama, funga macho. Haya, onyesha meno."

Pande zote mbili za uso zinakwenda sawa. Nje, mwanawe anauliza kama mama ameanza kusikia. Bado, kifaa cha nje kitawashwa wiki kadhaa zijazo, kidonda kikishapona. Namwelekeza kwa daktari, nami narudi kuandika ripoti.